Barua ya Mgonjwa Isomwe na Mgonjwa Mwenyewe

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu anayeishi Nansio, kisiwani Ukerewe. Glakoma imemnyang'anya uoni kidogo kidogo, na sasa anatambua mwanga na vivuli tu. Amevuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, amepimwa presha ya macho, amepewa dawa mpya ya matone na ametolewa damu kwa vipimo vingine. Kwa kuwa safari ni ndefu, amekubali majibu yatumwe kwa barua pepe. Siku chache baadaye simu inatoa mlio mfupi. Mwalimu anaigeuza mkononi, kisha anamwita mjukuu wake: "Njoo, mjukuu wangu, unisomee barua ya hospitali."

Mtoto anasoma kwa sauti pale sebuleni, mbele ya jirani aliyekuja kuazima jembe. Anatamka wazi kwamba sukari katika damu ya babu imepanda na kwamba babu anatakiwa kurudi kupimwa tena. Akifika kwenye jina la dawa ya matone anakwama, anaruka mstari mzima na kumalizia kwa salamu za daktari. Mstari alioruka ulisema hivi: mwenye pumu asitumie dawa hii kabla ya kuwasiliana na kliniki.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Daktari alituma majibu kwa mhusika, mtandao uliyafikisha, na mjukuu alitii. Hata hivyo siri ya mgonjwa imefika masikioni mwa jirani, na onyo la daktari halijafika masikioni mwa mgonjwa. Mwalimu huyu ni wa kubuniwa, lakini hali yake inafahamika kwa yeyote aliyehudumia wagonjwa wa macho katika mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria. Njia ya kuiepuka ipo, na sehemu yake kubwa haina gharama: kompyuta inayosoma kwa sauti, kibodi inayoendeshwa kwa vidole bila msaada wa macho, na barua iliyoandikwa na mhudumu anayejua itakavyosikika.

Jicho lipimwe kwanza

Kabla ya kumfundisha mtu kusoma kwa masikio, ni lazima ijulikane kwa nini haoni. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilieleza kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa uoni, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Upungufu mwingine hurekebishwa kwa miwani. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji tiba kwanza, na kompyuta inaweza kusubiri.

Glakoma ni tofauti. Uoni uliokwisha kupotea haurudi. Matone, upasuaji au miale ya leza hulinda ule uliobaki. Ndiyo maana mgonjwa wa glakoma huwa na mawasiliano ya miaka mingi na kliniki yake, na kila barua ina uzito. Wapo pia watu wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu lakini si vipofu. Kwa baadhi yao kukuza maandishi kunatosha: katika kompyuta ya Windows, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha hufungua kikuzaji cha skrini.

Kwa yule ambaye tiba imefika mwisho, kauli ya "hakuna dawa zaidi" isiwe sentensi ya mwisho katika chumba cha daktari. Baada ya tiba kuna utengamao, na kujifunza kusoma upya ni sehemu yake.

Mashine inayosema

Kisoma-skrini ni programu inayochukua maandishi yaliyomo katika kompyuta na kuyatamka kwa sauti ya mashine. Haitazami skrini kama jicho linavyotazama. Hupokea maandishi yenyewe kutoka kwenye programu nyingine na kumweleza mtumiaji mahali alipo, kilichoandikwa na kinachoweza kufanyika hapo. Windows ina chake kiitwacho Narrator, ambacho huwashwa kwa kubonyeza vitufe vya Windows, Control na Enter kwa pamoja. Simu za Android huwa na TalkBack, na zile za iPhone zina VoiceOver. Hizi zinafaa kwa ujumbe mfupi, lakini kwa barua ndefu na majibu yanayohitaji kuandikwa kwa uangalifu, kibodi ya kompyuta humpa mtumiaji wepesi zaidi.

Kisoma-skrini kinachowafaa wengi wenye kipato kidogo ni NVDA. Kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, akaungana naye mwenzake James Teh, ambaye pia haoni. Walitaka mtu asiyeona apate kutumia kompyuta bila kulipa zaidi ya anayeona. NVDA hupatikana bure hadi leo, na huja na mfumo wa sauti uitwao eSpeak NG wenye sauti ya Kiswahili. Sauti hiyo ni kavu, na mwanafunzi huhitaji siku kadhaa kuizoea. Lakini barua ya Kiswahili ikisomwa kwa sauti ya Kiingereza maneno huvurugika kabisa. Basi jambo la kwanza ni kuchagua sauti inayofaa: Insert, Control na herufi V kwa pamoja hufungua mpangilio wa sauti.

Kwa nini kibodi, si kipanya? Kipanya hutaka jicho lifuatilie kishale kinakokwenda. Kitufe, kwa upande wake, hakihami mahali pake. Herufi F na J zina vinundu vidogo vinavyohisika kwa ncha za vidole vya shahada. Mikono ikitua hapo, vitufe vingine vyote hupatikana kwa mazoea.

Barua, hatua kwa hatua

Mfano ufuatao unatumia Thunderbird, programu ya barua pepe isiyolipiwa, pamoja na NVDA.

Kwanza, washa kisoma-skrini kwa kubonyeza Control, Alt na N. Ukishafungua Thunderbird, kuna sehemu tatu za kukumbuka: orodha ya folda, orodha ya barua na maandishi ya barua. Kitufe cha F6 hukuhamisha kutoka sehemu moja hadi nyingine. Katika orodha ya barua, mishale ya juu na chini hupita barua moja baada ya nyingine, na sauti hutaja aliyeandika, kichwa cha barua na tarehe. Herufi N hukupeleka kwenye barua inayofuata ambayo haijasomwa. Enter huifungua.

Kusoma barua yote mfululizo, bonyeza Insert pamoja na mshale wa chini. Kunyamazisha sauti, gusa Control. Kurudia mstari, tumia mishale ya juu na chini. Kwenda neno kwa neno, shika Control na ubonyeze mshale wa kulia. Kwenda herufi kwa herufi, tumia mshale wa kulia peke yake. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kwa mgonjwa. Jina la dawa lisilosikika vizuri lipitiwe herufi kwa herufi, na kipimo chake tarakimu kwa tarakimu. Matone ya timolol, kwa mfano, yapo ya asilimia 0.25 na ya asilimia 0.5, nukta moja isiyosikika inaweza kumchanganya msomaji.

Kujibu, bonyeza Control na R, kisha andika. Kwa mpangilio wa kawaida NVDA hutamka kila herufi inayoandikwa, hivyo kosa husikika papo hapo. Ukimaliza, Control na Enter hutuma barua. Programu inaweza kuuliza kama kweli upo tayari, na hapo Enter huthibitisha. Jihadhari na Control, Shift na R: hiyo huwajibu watu wote waliotumiwa barua, na siri ikishatoka hairudi. Kabla ya kutuma, Shift pamoja na Tab hukurudisha kwenye kichwa cha barua na anwani ili uhakikishe unamwandikia nani.

Kupeleka barua kwa mtu mwingine, Thunderbird hutumia Control na L, ilhali Outlook hutumia Control na F. Amri nyingi hufanana, lakini si zote. Anayebadilisha programu aulize kwanza. Na kabla ya yote, mtumiaji avae vipokea sauti vya masikioni. Bila hivyo mashine itasoma barua kwa sauti sebuleni, kama alivyofanya mjukuu. Nenosiri lisitie hofu: likiandikwa katika nafasi yake, kisoma-skrini hutaja nyota badala ya herufi.

Kwa mhudumu wa afya

Ujuzi wote huu wa mgonjwa unaweza kubatilishwa na mhudumu mmoja mwenye haraka. Fomu ya majibu ikipigwa picha kwa simu na kuambatishwa, kisoma-skrini hukuta picha isiyo na maandishi, na mgonjwa hasikii chochote cha maana. Karatasi iliyopitishwa kwenye skana huwa vivyo hivyo. NVDA inaweza kujaribu kutambua maandishi yaliyomo katika picha, lakini mwandiko wa mkono, mihuri na nukta za vipimo huipotosha, na dozi si mahali pa kubahatisha. Basi majibu yaandikwe ndani ya barua yenyewe, kwa maneno.

Jambo muhimu litangulie. Onyo kuhusu pumu lisifichwe chini ya aya tatu za utangulizi. Dozi iandikwe kamili: "tone moja katika kila jicho, asubuhi na jioni", wala si "1×2" au "BD", kwa kuwa kisoma-skrini huweza kuruka alama na kutamka vifupisho kama herufi tupu. Matokeo yasiyo ya kawaida yasionyeshwe kwa rangi nyekundu pekee, maana rangi haitamkwi isipokuwa mtumiaji ameomba hivyo.

Kichwa cha barua kinahitaji busara ya pekee. Ndicho kinachotamkwa mara tu mgonjwa anapopita kwenye orodha, kabla hajaamua kuifungua barua. Kichwa kisemacho "Barua kutoka kliniki" hulinda siri. Kichwa kinachotaja ugonjwa huitoboa. Aidha, yapo majibu ambayo hayafai kupokelewa kwa mara ya kwanza kutoka kwa sauti ya mashine. Majibu ya VVU au ya saratani yanahitaji ana kwa ana na ushauri nasaha, kwa asiyeona kama kwa anayeona.

Mgonjwa aulizwe pia anapendelea njia gani: simu, barua pepe, maandishi ya nukta nundu au maelezo ya ana kwa ana. Ridhaa yake iandikwe katika faili, na anwani yake isomwe herufi kwa herufi kabla ya kutumiwa. Huu si wema wa hiari. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 22 ya mkataba huo inataka taarifa za afya za mtu mwenye ulemavu zilindwe sawa na za mtu mwingine yeyote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

Subira na familia

Haya hayajifunzwi kwa siku moja. Mzee ambaye hakuwahi kuandika kwa kibodi atahitaji wiki kadhaa ili vidole vizoee, na wiki nyingine ili sikio lizoee sauti. Kompyuta yenyewe ina gharama, na umeme hukatika. Ndugu wakichanga kununua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, wamempa mgonjwa kitu cha kudumu. Wakimnyang'anya kibodi kila anapokosea ili "kumharakishia", wamemrudisha alikotoka. Chama cha Wasioona Tanzania ni mahali pazuri pa kuulizia mafunzo, na watumiaji waliotangulia ndio walimu bora.

Mrudie sasa yule mwalimu wa Nansio, miezi michache baadaye, akiwa na barua nyingine kutoka kliniki. Amevaa vipokea sauti, amebonyeza N, na sauti kavu inamsomea barua. Kwenye jina la dawa anagusa Control, anarudi nyuma, anapita herufi kwa herufi. Anaendelea hadi kwenye onyo, analisikiliza mara mbili, kisha anabonyeza Control na R na kuandika polepole: "Daktari, nina pumu tangu ujana wangu. Sijaanza dawa hii. Nifanyeje?"

Mjukuu anasogea: "Babu, nikusomee?"

"Nimeshaisoma, mjukuu wangu. Nenda kamwambie bibi yako kwamba kesho kutwa huenda tukavuka."