Askari na faili lake (3): Kosa likishaandikwa, nani alifute?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye cheti anachopewa askari wa Marekani siku anapovua sare, kile kinachojulikana kwa namba yake, DD 214. Leo tuulize jambo moja tu: cheti hicho kikisema uongo, mwenye nacho afanye nini?

Tukitazame kwa karibu kwanza. Kimegawanywa visanduku vyenye namba. Kisanduku cha 1 ni jina, cha 5 tarehe ya kuzaliwa, cha 13 nishani alizotunukiwa. Moto uko chini. Cha 24 kinataja aliondoka kwa sifa gani: kwa heshima, kwa heshima yenye doa, au kwa fedheha. Cha 27 kina alama inayoonyesha kama jeshi litakubali kumpokea tena, na cha 28 kinaeleza kwa nini aliondoka. Nakala fupi haina sehemu hiyo ya chini, ndiyo maana mwajiri anayejua mambo huomba ile ndefu. Neno baya katika kisanduku cha 24 laweza kumkosesha mtu matibabu, ada ya masomo, hata kaburi katika makaburi ya taifa.

Yapo makosa ya karani, nayo hayana vita. Jina limekosewa herufi, nishani imesahaulika, tarehe imepinda. Hapo hutolewa karatasi ya pili, namba 215, ikaambatana na ile ya kwanza bila kuifuta. Hili liwaguse wasomaji wenye watoto katika jeshi lile. Sisi huitwa kwa jina letu, la baba na la babu. Karani wa kule hutaka jina la ukoo, basi huchukua la mwisho, na babu aliyefia Tanga anajikuta ameandikishwa jeshini. Kijana asahihishe mapema, pasipoti yake ikiwa bado mkononi.

Kazi ipo pale kosa linapokuwa ni uamuzi wa mkubwa: ripoti ya uonevu, adhabu iliyozidi, kufukuzwa kusikostahili. Zamani njia ilikuwa moja, kumtafuta mbunge apeleke muswada wa mtu mmoja katika Bunge zima la Marekani. Wabunge walichoka. Mwaka 1946 Bunge likajifungia mlango huo, likawapa mawaziri wa majeshi mamlaka ya kusahihisha kumbukumbu kupitia bodi za raia. Zingatia neno raia. Mwamuzi hapokei saluti ya aliyekosea. Na sheria haikuishia kwenye kosa, iliongeza dhuluma. Jambo laweza kuwa lilifuata kanuni zote, nukta kwa nukta, na bado bodi ikaliona ni dhuluma.

Ombi huandikwa kwenye fomu namba 149. Halilipiwi. Muda ni miaka mitatu tangu mtu alipoligundua kosa, ingawa bodi yaweza kuusamehe ikiona haki inadai hivyo. Ngazi za chini lazima zimalizwe kwanza. Ipo pia bodi nyingine, ya fomu 293, inayotazama sifa na sababu ya kuondoka peke yake, mradi haijapita miaka kumi na mitano. Watu wengi huzichanganya hizi mbili.

Kanuni inayowaangusha waombaji ni hii: bodi huanza kwa kuliamini faili. Huhesabu kwamba waliolijaza walifanya kazi yao sawasawa mpaka mwombaji aonyeshe vingine. Kulalamika bila vielelezo ni kumpigia mbuzi gitaa. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari, barua ya aliyekuwa naye kikosini, amri ya siku ile yenye sahihi. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, aliziagiza bodi ziwape nafasi pana zaidi askari wa vita vya Vietnam ambao utovu wao wa nidhamu huenda ulitokana na majeraha ya akili. Agizo lilikuja karibu miaka arobaini baada ya vita kwisha.

Na kama faili lenyewe halipo? Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu la St. Louis liliwaka moto, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, mengi ya askari wa nchi kavu walioondoka kati ya 1912 na 1960. Hayakuwa na nakala. Wazee hao hulazimika kujijenga upya kwa karatasi za mishahara na vyeti vya hospitali.

Mauti hayafungi kesi. Ndugu waweza kuomba. Henry Flipper, aliyezaliwa mtumwa Georgia, alikuwa Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha West Point, mwaka 1877. Mahakama ya kijeshi haikumwona mwizi wa fedha alizotunza, lakini ikamfukuza mwaka 1882 kwa mwenendo usiofaa ofisa. Alifariki 1940 bado analia na faili. Mwaka 1976 bodi ilimpa cheti cha kuondoka kwa heshima, ila ikasema hukumu yenyewe haina mamlaka ya kuifuta. Iliyobaki ilimngoja Rais Clinton na msamaha wake wa 1999.

Kesi ninayoirudia mara nyingi ni ya Fort Lawton, Seattle. Agosti 1944 mfungwa wa vita wa Kiitaliano, Guglielmo Olivotto, alikutwa amenyongwa baada ya ghasia za usiku. Askari Weusi 43 walishitakiwa, wakitetewa na mawakili wawili waliopewa siku chache kujiandaa. 28 walitiwa hatiani. Miaka sitini baadaye mwandishi Jack Hamann alikuta katika hifadhi ya nyaraka ripoti ya uchunguzi wa jeshi lenyewe, ambayo mwendesha mashitaka, Leon Jaworski, aliitumia na mawakili wa utetezi wakanyimwa. Karatasi hiyo ndiyo iliyoshinda. Oktoba 2007 bodi ilifuta hukumu.

Samuel Snow, mmoja wao, aliyekaa gerezani mwaka mzima, alitumiwa hundi ya mshahara wake wa siku hizo: dola 725, bila riba ya miaka sitini. Bunge lilipitisha sheria ya riba mwaka 2008. Julai mwaka huohuo alisafiri hadi Seattle kupokea cheti chake cha heshima, akaugua kabla ya sherehe. Mwanawe alimpokelea, akampelekea hospitalini. Mzee alifariki saa chache baadaye.

Uamuzi wa 2007 uliwahusu wanne tu, walioomba au kuombewa. Kwa wengine, faili lilibaki lilivyoandikwa 1944 mpaka mtu wa ukoo wao ajitokeze na fomu namba 149.

Wiki ijayo: bodi ikikataa, na njia ya kwenda mahakamani.