Tuwafundishe Watoto Nchi ya Jirani

Mtoto wa Bunagana huiona Uganda kila siku, maana mpaka u mlangoni pake. Lakini kuona si kujua. Shule inapofungwa kwa ajili ya vita, nyumba haina budi kuwa shule, nasi twaweza kufundisha hata pasipo kitabu.

Kwanza, mtoto na aufinyange mlima Sabinyo kwa udongo, kisha achore mipaka mitatu ikishuka kutoka kileleni, kwani hapo ndipo Kongo, Uganda na Rwanda hukutana. Pili, atengeneze saa mbili za karatasi ngumu: Bunagana ikiwa saa mbili asubuhi, Kisoro ni saa tatu. Tatu, aunganishe vitambaa sita, cheusi, cha manjano na chekundu, kisha tena vivyo hivyo. Katikati atie duara jeupe lenye korongo. Ndiyo bendera ya Uganda, iliyopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962.

Jioni, baada ya sala, tuwasimulie habari za kijana Kizito na wenzake, Mashahidi 22 wa Uganda, ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mwaka 1964.

Tena tusisahau kwamba Juni 2022, vita ilipofika Bunagana, maelfu ya ndugu zetu walivuka mpaka, wakapokelewa Nyakabande, karibu na Kisoro. Mtoto aliyejifunza hayo kwa mikono yake hatakuwa mwepesi kumwita jirani adui.