Mbolea, maharagi na ordinatere ya kwantumu

Wakulima wa koperative wametuuliza mara nyingi: ni kweli kuna ordinatere mpya, inayoitwa ya kwantumu, itakayoleta mbolea ya bei rahisi? Wengine wanataka kujua kama inafaa kungoja kabla ya kununua urea ya msimu unaokuja. Hapana, musingoje. Lakini habari yenyewe siyo uongo, na inaanzia katika mashamba yenu.

Kila mumea unahitaji azoti. Hewa tunayopumua ni azoti asilimia 78, iko bure kabisa, ila atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu sana na muhindi hauwezi kuitumia hivyo. Mwaka wa 1909 Mjerumani Fritz Haber alifaulu kuiunganisha na haidrojeni ili kupata amonia. Carl Bosch akaifanya kuwa kazi ya kiwanda, na kiwanda cha kwanza kikaanza Oppau mwaka wa 1913. Urea ya kwenye depo inatokana na njia ileile. Inadai joto la digri 400 hadi 500 na mgandamizo mkubwa sana, na haidrojeni mara nyingi inatolewa katika gazi ya chini ya ardhi. Ndiyo maana gazi ikipanda bei ng'ambo, mufuko wa urea nao unapanda kwetu, hata kabla ya kuhesabu barabara na ushuru.

Sasa ng'oa shina la maharagi ao la soja, polepole. Kwenye mizizi kuna vinundu. Ndani yake bakteria wanaoitwa rizobiumu wanafanya kazi ya Haber bila moto, bila gazi, humo humo udongoni! Chombo chao kinaitwa nitrojenasi. Katikati yake kuna kifundo kidogo: atomu 7 za chuma, 9 za salfa, 1 ya molibdeni na 1 ya kaboni. Sura yake inajulikana, lakini namna inavyoivunja azoti, hatua kwa hatua, bado haijaeleweka vizuri.

Shida iko katika hesabu. Elektroni za kifundo hicho zinategemeana zote. Fikiri taa zinazoweza kuwaka ao kuzimika: taa 10 zinaweza kukaa kwa namna 1,024, taa 20 kwa namna zaidi ya milioni moja, na kila taa unayoongeza inazidisha hesabu mara mbili. Ordinatere ya kawaida inashindwa haraka. Mwaka wa 1981 Mmarekani Richard Feynman alisema kwamba mambo ya atomu yahesabiwe na mashini inayofuata sheria za atomu zenyewe. Hiyo ndiyo ya kwantumu. Mwaka wa 2017 watafiti wa Zurich na wa Microsoft walionyesha namna mashini hiyo ingeweza kuchunguza nitrojenasi. Njia hiyohiyo inatazamiwa kwa dawa, betri na plastiki.

Lakini hesabu iliyotolewa mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba kazi hiyo ingedai kyubiti, yaani vipande vya kuhesabia, karibu milioni 4. Mashini ya IBM ya mwaka wa 2023 ilikuwa na 1,121, na zinakosea mara kwa mara. Na hata siri ikijulikana, kujenga kiwanda ni kazi nyingine. Basi mtu akija kijijini na "mbolea ya kwantumu", asipewe hata franka moja.

Kwa sasa, pasueni kinundu kwa ukucha wakati maharagi yanaanza kutoa maua. Kikiwa chekundu ao cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi, na urea nyingi hapo itawapunguzia nguvu tu. Kikiwa cheupe ao cha kijani, ao vinundu vikikosekana, ulizeni agronome juu ya rizobiumu ya pakiti. Inachanganywa na mbegu kivulini, na mbegu zinapandwa siku ileile. Pakiti iliyoachwa juani imekufa, hata kama tarehe yake bado.