Pembe za Ngomeni Zilitoka kwa Ndovu Gani?

Kutoka vilima vya Kalama, Ukambani, hadi Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Leo ni basi tu, lakini katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikwenda pwani kwa miguu ikiwa na pembe za ndovu. Kivoi wa Kitui, mwenyeji wa mmishonari Krapf mwaka 1849, alikuwa mmoja wa vigogo wa biashara hiyo.

Pembe nyingine zimelala baharini. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, wavuvi ndio waliotoa habari za meli iliyozama. Caesar Bita, mwanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alipiga mbizi akakuta mbao, mikuo ya shaba na pembe za ndovu. Mwaka 2024, yeye na Mreno Filipe Castro walieleza kwamba huenda meli hiyo ni São Jorge, iliyozama mwaka 1524 katika safari ya mwisho ya Vasco da Gama. Jina hilo bado halijathibitishwa.

Kazi ya namna hii si ngeni Kenya. Kati ya 1977 na 1980, Robin Piercy aliongoza uchimbaji wa Santo António de Taná, meli ya Kireno iliyozama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Wapiga mbizi walipima na kuchora kila kitu mahali kilipolala kabla ya kukiinua. Juu nako kazi haikuisha: kitu cha baharini kikiachwa kikauke hivi hivi, chumvi hukipasua. Hulowekwa kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi, wakati mwingine kwa miezi mingi.

Je, ndovu wa Ngomeni waliwindwa bara, pengine Ukambani?

Mtu asiharakishe kujibu. Misafara ya kina Kivoi ilikuja karne tatu baadaye, na meli iliyotoka Lisbon ingeweza kupakia pembe mbali na hapa. Meli ya Bom Jesus, iliyozama Namibia mwaka 1533, imeshatoa funzo: vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2020 vilionyesha kwamba pembe zake zilitoka kwa angalau koo 17 za ndovu wa msituni wa Afrika Magharibi. Kati ya hizo, ni koo nne tu zinazojulikana leo. Vipimo kama hivyo vinaweza kuonyesha kama pembe za Ngomeni ni za ndovu wa Afrika Mashariki au zilikuja na meli.