Mtihani usiotoa alama za njia

Shuleni tulizoeshwa kuonyesha njia: hata jibu likikosewa, unaambulia alama mbili tatu. Anayejiandaa kwa GMAT, mtihani unaotumiwa na shule nyingi za biashara duniani kuchuja waombaji wa MBA, aanze kwa kuyaacha mazoea hayo. Kompyuta haijali ulipitia wapi. Inatazama jibu, na saa inakwenda.

Toleo la sasa, lililoanza Novemba 2023, lina maswali 64 ya saa 2 na dakika 15, katika sehemu tatu zenye dakika 45 kila moja: hesabu, ufahamu na hoja kwa Kiingereza, na uchambuzi wa data. Alama ni 205 hadi 805. Insha, jiometri na maswali ya kusahihisha sentensi vimeondolewa, kwa hiyo jihadhari na vitabu vya zamani vya kurithi. Hesabu zenyewe ni za sekondari: asilimia, uwiano, milinganyo. Ila katika sehemu hiyo kikokotoo hakiruhusiwi, na hapo ndipo mtu aliyezoea kufanyiwa kila kitu na Excel hutoka jasho.

Kinachowashangaza wengi ni maswali ya utoshelevu wa data. Tuseme Asha anafuga kuku na mbuzi; mbuzi ni wangapi? Taarifa ya kwanza: wanyama wote ni 20. Ya pili: miguu yao ni 56. Hakuna anayekudai jibu la mbuzi 8. Unatakiwa kusema tu kwamba kila taarifa peke yake haitoshi, na zote mbili pamoja zinatosha. Aliyekaa kukokotoa amepoteza dakika bure. Kwangu mimi hili ndilo swali la haki kuliko yote, kwa kuwa kazi ya meneja ni hiyohiyo: kujua kama taarifa zilizo mezani zinatosha kuamua.

Swali huwezi kuliruka. Ukimaliza sehemu kabla ya muda, unaweza kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi 3. Ukiacha maswali bila kuyafikia, unakatwa alama. Hivyo kubahatisha swali moja gumu na kusonga mbele ni ustadi wa kufanyiwa mazoezi.

Ndiyo maana kupiga msuli usiku kucha hakufui dafu mbele ya daftari la makosa. Kila ulichokosa kiandike na sababu yake: hukujua kanuni, ulisoma haraka, au uling'ang'ania swali dakika nne. Sababu ya tatu ina tabia ya kujirudia. GMAC, wenye mtihani, hutoa bure mitihani miwili kamili ya majaribio. Fanya mmoja mwanzoni, mwingine uutunze hadi siku zikikaribia.

Ada inazidi dola 200. Ukitaka kurudia unasubiri siku 16, na ndani ya miezi 12 hupewi zaidi ya mara 5. Matokeo hudumu miaka 5, kwa hiyo hata anayepanga kuomba chuo miaka mitatu ijayo anaweza kuufanya sasa, kabla majukumu ya kazini na nyumbani hayajamlia jioni zake.