Kifurushi Kisichotaja Mahitaji Yake

Nikisema kifurushi usidhani nazungumzia vile vya simu vinavyokwisha kabla ya jioni. Juma hili nazungumzia vifurushi vya programu za kompyuta, hususan vya Debian, mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani na kuwagawia wenzake.

Nilijifunza kuvitengeneza nyumbani Mwananyamala kwa ajili ya mpwa wangu, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi kule Mbagala. Alitaka programu ya kuandikia stakabadhi. Nikaiandika, nikaifunga, nikampelekea kwa flashi. Kompyuta yake ikaipokea bila kinyongo. Kesho yake akapiga simu.

"Shikamoo mjomba. Ile kitu haifunguki, na wateja wamesimama hapa."

"Marahaba. Mbona kwangu inafunguka, mwanangu?"

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kutengeneza kifurushi si kubana mafaili tu. Ndani yake sharti kuwe na waraka mdogo uitwao "control", unaotaja jina la programu, toleo lake, mwenye dhamana ya kuitunza na, hili ndilo kubwa, programu nyingine inazozitegemea. Yangu ilitegemea programu saidizi ya kutengeneza kurasa za PDF. Kwangu ilikuwamo tangu zamani, hata nikaisahau. Kwa mpwa wangu haikuwamo. Kwa kuwa sikuitaja, kompyuta yake haikuona upungufu wowote. Lau ningeitaja, chombo kiitwacho apt kingeifuata chenyewe kwenye hazina ya Debian, mradi intaneti ipo.

Siku hizi najaribu kila kifurushi kwanza kwenye mfumo ulioingizwa upya, usio na kitu ila vya msingi. Kipo pia chombo cha ukaguzi, lintian, kinachokemea kama mwalimu wa hesabu. Mara nyingi kina haki.

Nilitengeneza toleo la pili. Kila toleo la Debian hudai maelezo ya kilichobadilika, pamoja na jina la mtengenezaji na tarehe, hivyo nikaliandika kosa langu humo kwa jina langu kamili. Kisha nikapanda daladala hadi Mbagala, flashi mfukoni, na ile programu saidizi ndani yake, maana kifurushi cha simu cha mpwa wangu kilikuwa kimekwisha.