Ndege Hana Kesi

Oya shosti, sogea tuongee kishkaji. Hizo nywele za mbele zimeenda wapi?

Usinune. Hauko peke yako. Mhunze hapa kuna pisi kali kibao, paji la uso limepanda mpaka linakaribia utosi. Maganzo ndo usiseme. Neti chini, wigi juu ya neti, skafu juu ya wigi. Upepo ukivuma stendi, mkono mmoja begi, mwingine kichwani. Soo.

Muulize bibi. Jibu analo tangu enzi za mkoloni: ulitupa nywele ovyo, ndege akaokota, akajengea kiota. Basi, kesi imeisha, mshtakiwa karuka zake. Muulize shangazi: umelogwa, kuna mtu ana kijicho. Muulize bi mkubwa: yule msusi ana mkono mbaya. Wazee wetu tunawapenda, ila kwenye hili wanatupiga fiksi mchana kweupe. Bi mkubwa tu ndo kapita jirani na ukweli, akauacha barabarani.

Ukweli unao mwenyewe. Umekaa chini, kichwa kati ya magoti ya msusi. Anachota vile vinywele laini vya pembeni mwa sikio kwa mkia wa kitana, vitatu vinne, anaviunganisha na rasta ya kufika kiunoni, anavuta. Nyusi zinapanda. Macho yanatoka machozi. Usiku hulali, kila upande unauma. Asubuhi mstari wote wa mbele umetoa vipele vyeupe kama punje za mtama. Unameza Panadol mbili, unapiga selfi, mashosti wanakoment moto moto.

Mwanangu, hapo hujapendeza, umejeruhiwa.

Iko hivi. Kila unywele umeota kwenye kashimo kake ndani ya ngozi. Ukivutwa wiki hadi wiki, kashimo kanavimba, unywele unachomoka, unaoota baadaye unakuwa mwembamba. Ukishtuka mapema ukalegeza, zinarudi. Ukikaza miaka na miaka, kashimo kanaziba, panabaki kovu. Kwenye kovu haioti kitu, hata upake mafuta ya Dubai. Madaktari wa ngozi wanaita alopesia ya mvuto. Kule Cape Town, Dokta Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha utafiti 2007: karibu theluthi ya wanawake waliowapima walikuwa nayo. Na wenye nywele za dawa hali ni mbaya zaidi, maana dawa inaulainisha unywele kwa kuudhoofisha, halafu wewe siku hiyohiyo unaupandishia mzigo wa rasta. Ndege katajwa wapi hapo? Hakuna.

Halafu tuje kwenye mkwanja, maana hapa ndo panauma mara ya pili. Juni 2019, Waziri wa Fedha Philip Mpango alisoma bajeti: wigi na nywele bandia za kutoka nje ushuru asilimia 25, za ndani asilimia 10. Tulimaindi kinoma, na bado tukanunua. Wigi la nywele za binadamu linakula laki kadhaa, jumlisha na gundi. Wiki duara la dhahabu likitema kule Geita, saluni zinajaa. Sikatai bata, kula bata lako. Ila gundi unayoibandua kwa nguvu inaondoka na vinywele vya mbele, na hivyo ndo ulivyokuwa unavificha. Unalipia tatizo, halafu unalipia cha kulifunikia.

Sasa usiende kubeba msala wote ukamtwisha msusi. Okota unywele ulioanguka, uangalie mwisho wake. Una kijidonge cheupe? Umetoka kwenye shina. Hauna? Umekatika njiani: ukavu, dawa, pasi, kuchana kibabe. Maji ya chumvi ya kisima yanayolaumiwa kila siku yanaweza kukausha na kukata, kung'oa shina hapana. Na kupoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida ya binadamu. Ukizikuta kwenye kitana, usikimbilie kwa mganga.

Zinatoka kichwa kizima, vishada kwa vishada? Rudisha akili miezi mitatu nyuma. Ulijifungua? Uliugua homa kali? Ulipasuliwa? Mwili ulipigwa mshtuko, nywele nyingi zikaamua kupumzika kwa pamoja. Mama mwenye kichanga analia nywele zinaisha, wifi anasema mtoto kazinyonya. Mtoto hana kosa. Mara nyingi ndani ya mwaka zimejaa tena.

Damu nayo. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Madini ya chuma yakipungua, nywele zinaweza kupukutika. Kapime. Kula dagaa, maharage, mboga za majani, na chai ya rangi isisindikize chakula, inazuia chuma kuingia mwilini. Mabaka yenye magamba yanayowasha? Hayo mapunye, yanataka dawa ya kumeza, sio majivu ya bibi.

Mialoni huko kwenye dhahabu wanasema zebaki ndo inang'oa nywele. Zebaki ni noma kweli, ila kinachopigwa sana ni ubongo na figo. Nywele zenyewe zinatunza ushahidi: mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa (UNIDO) walipofika Rwamagasa, Geita, walipima mkojo, damu na nywele za watu. Kwa hiyo ukifanya kazi mwaloni mikono ikaanza kutetemeka, wahi hospitali, achana na mambo ya nywele kwanza.

Kinachonitisha mimi ni upara wa utosini. Unaanza kama duara dogo katikati, unawasha au unachoma, unatanuka taratibu, na unaacha kovu. Huo hausubiri Krismasi. Anzia hospitali ya wilaya, wakupe rufaa kwa daktari wa ngozi. KCMC Moshi wana kituo kizima cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, hatujakosa watu.

Na wikiendi hii ukikaa kwenye kigoda, sema kabla hajaanza: mbele usiguse, rasta iwe nyepesi, ikiuma tunafumua. Miezi miwili, ikizidi sana mitatu, zitoke, kichwa kipumue. Msusi akikuambia urembo ni maumivu, lipia alipofikia, nyanyuka. Mhunze saluni hazijaisha.